Redio za Polisi Zilizostaafu Zapewa Masafa Mapya

Ilipofika tarehe 1 Januari 2013, idara za polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa katika Marekani, pamoja na makampuni ya teksi na ya ujenzi, zilitakiwa ziwe zimekwisha kubadili redio zao za upepo. Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilikuwa imeamuru kwamba watumiaji wa masafa yaliyo baina ya megahezi 150 na 174, na wa ukanda wa juu zaidi unaoishia megahezi 470, waache chaneli pana za kilohezi 25 na kuingia katika chaneli nyembamba za kilohezi 12.5. Shabaha ilikuwa kwamba pale palipokuwa na chaneli moja papatikane mbili, kwa maana wasemaji walikuwa wamezidi na masafa hayaongezeki. Redio za karibuni zilirekebishwa kwa programu tu. Zile kuukuu, ambazo mafundi waliziunda kwa chaneli pana peke yake, zilifunguliwa kutoka katika magari, zikafungashwa na kupelekwa minadani, ingawa nyingi zilikuwa nzima na sauti yake ilikuwa safi kama siku ya kwanza.

Wanunuzi wakubwa walikuwa wanaredio wa ridhaa. Hao ni raia wenye leseni ya serikali ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya mazoezi na kusaidia wakati wa maafa, bila kupokea malipo yoyote. Katika Marekani wao wana ukanda wao wa megahezi 144 hadi 148, ambao unapakana kwa karibu na ule wa polisi, kama nyumba mbili za laini moja kambini. Amri ya chaneli nyembamba haikuwahusu. Kwa hiyo redio iliyokataliwa na polisi kwa kuwa ni pana mno ilikuwa ndiyo hasa wanayoitaka wao.

Jambo hili halikuwa geni. Polisi wa Detroit walianza kutuma habari kwa redio kwenye magari ya doria mwaka 1928, lakini askari aliyekuwa garini aliweza kusikia tu, asiweze kujibu. Mwaka 1933 mji wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, ulipata redio za kusikia na kujibu. Mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut wakawa wa kwanza kutumia mtambo wa aina ya FM katika jimbo zima, na kelele za injini na radi zikapungua sana masikioni mwao. Baada ya Vita Kuu ya Pili redio za FM zilienea katika magari ya polisi na teksi. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 na kuendelea katika miaka ya 1960, serikali iliwalazimisha wenye redio hizo kupunguza upana wa mawimbi yao. Redio nzito za valvu, zilizojaza buti la gari na kuungana na dashibodi kwa kebo nene, zilitupwa kwa maelfu. Wanaredio wa ridhaa waliziokota, wakazihamisha masafa, na kwa vifaa hivyo vya kuokota wakajenga mtandao wao wa kwanza wa vituo vya FM vya kurudishia mawimbi vilivyowekwa juu ya milima na maghorofa.

Neno "kuhamisha masafa" ni rahisi kulitamka, lakini maana yake imebadilika kila kizazi cha redio. Katika redio za zamani masafa hayakuandikwa mahali popote, bali yalichongwa. Ndani ya redio mlikuwa na kipande chembamba cha jiwe la kwazi, yaani kristali, kilichofungiwa katika kikopo kidogo cha chuma. Kristali hutetemeka mara kadha wa kadha kwa sekunde kulingana na unene wake, wala haibadili mwendo huo isipokuwa kidogo sana. Redio huchukua mtetemo huo na kuuzidisha hatua kwa hatua mpaka ufikie masafa ya kurushia. Mathalani, katika redio inayozidisha mara 12, mwenye kutaka kurusha kwa megahezi 146.52, ambayo ni chaneli ya kuitania ya wanaredio wa ridhaa wa Marekani, huagiza kristali ya megahezi 12.21. Kristali ya kupokelea ni nyingine, na hesabu yake ni tofauti. Hivyo kila chaneli ilihitaji kristali mbili, na askari aliyekuwa na redio ya chaneli nne alibeba vikopo vinane bila kujua.

Mwanaredio aliandika barua kwa kiwanda, akataja aina ya redio na masafa anayoyataka, akalipa, akangoja. Majuma kadhaa yalipita kabla kifurushi hakijafika. Baada ya kuchomeka kristali mpya alichukua bisibisi ya plastiki, kwa kuwa ya chuma huvuruga usumaku wa koili, akazungusha koili moja baada ya nyingine huku akitazama mshale wa mita, mpaka redio nzima ikubali kwamba imehama. Kazi hiyo ilichukua jioni nzima. Viwanda vya kristali vimepungua sana tangu hapo. Kile cha Oklahoma City, ambacho kiliwahudumia wanaredio wa ridhaa kwa zaidi ya nusu karne, kilifunga milango mwaka 2017.

Huko Uingereza kulikuwa na redio ambayo askari wa doria wa zamani huikumbuka kwa kicheko kidogo. Iliitwa Pye Pocketfone PF1. Ilikuwa vipande viwili mbalimbali: kimoja cha kusikilizia na kingine cha kusemea, askari akiweka kimoja katika mfuko huu na kingine katika mfuko ule. Alipotaka kusema, alitoa kile cha pili, akabonyeza, na antena ikachomoza juu yenyewe. Polisi walipopata redio bora zaidi, PF1 ziliuzwa kwa bei ya chini, na wanaredio wa Uingereza wakazibadilisha kristali ili zifanye kazi katika ukanda wao wa megahezi 430. Bado zipo zinazohifadhiwa na kuwashwa, ijapokuwa betri zake za asili zilikwisha kufa zamani.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale kristali nyingi zilipoondolewa na mahali pake pakachukuliwa na kristali moja tu, ikisaidiwa na saketi inayoweza kuunda masafa yoyote kwa kufuata namba. Sasa swali likawa: namba hizo zikae wapi? Katika baadhi ya redio za mwanzo zilikaa katika kidude chenye vijiwaya vyembamba mfano wa fyuzi. Mashine maalumu iliunguza baadhi na kuacha vingine, na mpangilio wa vilivyoungua ndio uliokuwa orodha ya chaneli. Kilichoungua hakirudi. Fundi aliyekosea namba moja alitupa kidude na kununua kingine, na pengine hapana somo la umakini lililo bora kuliko hilo.

Redio zilizoenea mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, kama vile MaxTrac na GM300 za kampuni ya Motorola, zilikuwa na kumbukumbu inayoweza kufutwa na kuandikwa upya kwa umeme. Hizi ndizo zinazoitwa redio za kupangwa kwa kompyuta, na ndizo zilizojaa minadani baada ya 2013. Kwa macho zinaonekana kazi nyepesi: kompyuta, waya, redio. Kumbe sivyo. Tundu la maikrofoni, ambamo waya wa kupangia huingizwa, hutumia umeme wa volti 5 na waya mmoja kwa kupeleka na kuleta habari, ilhali kompyuta za wakati huo zilitumia volti zipatazo 12, za chanya na za hasi, na waya mbili. Kati yao ni lazima kiwepo kisanduku cha kutafsiri umeme. Mwenye kuziunganisha moja kwa moja anahatarisha zote mbili.

Tatizo la pili linashangaza zaidi. Programu ya kupangia redio hizo iliandikwa kwa kompyuta za DOS, ambazo mwendo wake ulikuwa wa polepole, na hupima muda kwa kuhesabu mizunguko ya kompyuta yenyewe. Ikiwekwa katika kompyuta ya kisasa inahesabu mbio kupita kiasi, inaiuliza redio swali na kukata tamaa kabla redio haijafungua kinywa. Ndiyo sababu fundi mwenye vyombo vya thamani kubwa utamkuta ametunza kwa uangalifu kompyuta ambayo mtoto wa shule angeicheka. Hali kadhalika, programu hizo zilikuwa mali ya kampuni na ziliuzwa kwa leseni. Nakala za kuibwa zimezagaa, na nyingi kati yake zina kasoro zinazoweza kuharibu kumbukumbu ya redio. Urahisi wake ni wa siku moja tu.

Mwenye kununua redio kuukuu huanza kwa kusoma kibandiko cha nyuma. Kwa redio nyingi za Motorola za Marekani za kizazi hicho, herufi ya kwanza D huonyesha redio ya dashibodi, H ya mkononi, na T ile ambayo chombo chake hukaa katika buti. Tarakimu ya tatu ina uzito kuliko zote: 3 ni ukanda wa megahezi 136 hadi 174 au sehemu yake, 4 ni ukanda wa megahezi 400 na kitu, na 5 ni megahezi 800. Mtu aliyenunua redio yenye tarakimu 5 kwa kuvutiwa na bei, akitumaini kuipeleka kwenye megahezi 144, amenunua chuma. Hata ndani ya ukanda mmoja kuna mafungu. Redio iliyoundwa kwa 146 hadi 174 inaweza kukataa kufanya kazi kwa 144, si kwa ukaidi bali kwa sababu saketi yake inashindwa kushika mtetemo wa chini namna hiyo. Programu nayo hukataa kuandika namba iliyo nje ya fungu. Wapo wanaoihadaa ikaandika, halafu wakawasha redio na kusikia mlio mkali usiokoma, maana yake namba imekubaliwa ila umbo la redio halikukubali. Hapo ni lazima koili irekebishwe, au redio ipewe mtu mwingine mwenye matumizi yanayoifaa.

Baada ya hapo kazi yenyewe huanza kwa kusoma. Fundi husoma kumbukumbu yote ya redio, akaihifadhi katika kompyuta, na nakala hiyo haguswi tena na mtu. Humo mna vipimo vilivyowekwa kiwandani kwa redio ile ile moja, kama vile nguvu ya kurusha na upana wa sauti. Akiipoteza, ataihitaji mitambo ya karakana kuvirudisha. Kisha huandika chaneli mpya: masafa ya kusikilizia, masafa ya kusemea, ambayo kwa vituo vya kurudishia mawimbi katika ukanda huo hutofautiana kwa kilohezi 600, na mlio wa chini wa kufungulia kituo. Mlio huo, ambao uko kati ya hezi 67.0 na 250.3, husafiri pamoja na sauti lakini spika hauutoi, na kituo kisichousikia hakifunguki. Zamani kila mlio ulikuwa na kijichuma chake kinachotetemeka ndani ya redio. Siku hizi ni namba tu. Wakati wa kuandika, umeme usikatike. Kumbukumbu iliyoandikwa nusu huifanya redio ibaki bubu, ikilia tu kila inapowashwa.

Hadi hapo redio imefundishwa kazi mpya, lakini haijasahaulishwa ya zamani. Hapo ndipo penye jambo linalowahusu moja kwa moja askari na wakuu wa stoo.

Redio inayotoka katika gari la polisi bila kufutwa hubeba orodha yote ya chaneli za idara yake, pamoja na milio ya kufungulia vituo. Yeyote atakayeiunganisha na betri ataweza kusikiliza, na akibonyeza kitufe atasikika. Zaidi ya hayo, redio nyingi za miaka ya 1980 na baada yake hutuma namba ya mwenyewe kila kitufe kinapobonyezwa. Katika mtindo wa Motorola uitwao MDC-1200, mlio mfupi wa sehemu ndogo ya sekunde huibeba namba hiyo mpaka kwenye meza ya kituo, ambako karani huona ni gari gani linasema. Redio iliyouzwa na namba yake humfanya mgeni aonekane mezani kuwa ni askari. Baadhi zina hata kitufe cha rangi ya machungwa cha kuombea msaada, na mtoto akikichezea sebuleni anaweza kupeleka magari ya doria mahali pasipo na shida, wakati mtu mwingine anayahitaji kweli. Mitambo mipya ya dijitali inaweza kuifungia redio iliyopotea kutoka kituoni. Nyingi kati ya zile kuukuu hazina mlango huo. Kilicho ndani yake kinabaki mpaka mtu akifute kwa mkono.

Kwa hiyo kufuta si kazi ya mnunuzi peke yake. Stoo inayoachilia redio inapaswa kufuta chaneli, namba za utambulisho, na funguo za kuficha maneno kama zimo, kisha fundi aiwashe na kuthibitisha, ndipo ifutwe katika daftari. Kuandika "mbovu" katika daftari hakutoshi, kwani redio mbovu hutengenezwa. Kwa upande wa mnunuzi, kama akikuta chaneli za idara bado zimo, jambo la uungwana na la kisheria ni kuziondoa kabla hajachomeka antena. Majaribio ya kurusha hufanywa kwa kuunganisha, mahali pa antena, kifaa kinachomeza nguvu na kuigeuza kuwa joto, ili kosa lisitoke nje ya chumba.

Yafaa ieleweke pia kwamba ruhusa hii haina njia ya kurudi. Sheria ya Marekani humruhusu mwanaredio wa ridhaa kuibadilisha redio ya polisi aitumie katika masafa yake. Haimruhusu aichukue redio ya ridhaa, ambayo haikupimwa na kuthibitishwa kwa kazi ya polisi, na kuitumia katika chaneli za polisi, hata kama ni askari wa akiba na ana haraka.

Faida ya kazi hii huonekana hasa juu ya milima. Mitambo ya kurudishia mawimbi ya aina ya MASTR II ya kampuni ya General Electric na Micor ya Motorola, iliyoundwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya idara za serikali na makampuni, ilipostaafu ilipewa kristali mpya, na mingi iliendelea kuwahudumia wanaredio wa ridhaa kwa miongo mingine kadhaa, kwa kuwa iliundwa kusema mchana kutwa bila kupata joto la kuidhuru. Mwaka 2017, kimbunga Maria kilipoangusha umeme na simu katika kisiwa cha Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliwaomba wanaredio wa ridhaa msaada, na zaidi ya 20 walitumwa kwenda kupeleka habari za watu na mahitaji yao. Wengi wa watu wa namna hiyo hawakuanzia katika jeshi. Mtihani wa kwanza wa leseni nchini humo una maswali 35, kufaulu ni kupata 26, na hakuna umri wa chini uliowekwa, hata mtoto wa shule ya msingi huweza kukaa pamoja na mama yake na wote wakapata.

Redio ya gari ikiingia nyumbani huleta na hatari zake. Ile ya wati 40 hunywa ampea 10 au zaidi inaporusha, hivyo waya mwembamba wa taa hautafaa, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na redio. Betri ya gari hutoa hewa inayoweza kulipuka inapochajiwa. Haifai kuwekwa katika chumba cha kulala, wala mahali ambapo mtoto anaweza kufikia maji yake ya asidi. Ncha ya antena huunguza kidole wakati redio inaporusha, na mlingoti wa antena uliosimamishwa karibu na nyaya za umeme umekwisha kuua watu katika nchi nyingi. Redio za aina ya Spectra, zenye umri wa miaka thelathini na zaidi, zina kapasita zinazovuja maji yanayokula njia za shaba. Kabla ya kulaumu programu, fundi na afungue kifuniko atazame.

Katika nchi zetu, Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, zote zikiwa katika Eneo la 1 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ukanda huo wa ridhaa huanzia megahezi 144 na kuishia 146, wala si 148 kama Marekani. Aidha ule wa juu ni 430 hadi 440, ambao redio nyingi za Marekani za 450 hadi 470 haziufikii. Anayetaka kurusha huomba leseni kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake na kupewa jina la kuitia, ambalo huanza kwa 5X Uganda, 5Z Kenya, 5H Tanzania, 9X Rwanda, 9U Burundi na 9Q Kongo. Redio ya kikosi ni mali ya kikosi, haipangwi nyumbani. Redio iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ikiwa na kristali ya 146.52 iko nje ya ukanda wetu, na kubonyeza kitufe chake ni kuingia katika masafa ya mwingine. Chaneli ya kuitania katika Eneo la 1 ni 145.500. Kwa redio inayozidisha mara 12, namba ya kuandika katika barua ya kuagizia kristali ya kurushia ni 12.125.